Wanafunzi wanaifuta programu yetu, tubadilishe nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Mwaka juzi, kwa kushirikiana na kijana mmoja fundi wa kompyuta, nilitengeneza programu ya simu yenye notisi na mitihani iliyopita ya Kidato cha Nne. Wanafunzi wanaipakua, lakini wengi huifuta kabla ya wiki kwisha. Kijana anashauri tubadilishe rangi na nembo. Je, tuanzie hapo?

JIBU: Mwalimu, rangi iacheni kwanza. Niliifungua programu yenu kwa simu ya bei nafuu, nayo, kabla sijaona swali hata moja, ikanidai barua pepe, neno la siri na jina la shule. Nilipopita hapo nikachagua mtihani wa 2019, kumbe ni picha za kurasa zilizopigwa skani, zenye uzito wa MB 14. Mtumiaji wenu mara nyingi ni binti aliyeazima simu ya mama yake baada ya chakula cha usiku, mwenye bando la kupimia, asiye na barua pepe, na ambaye simu inaweza kudaiwa wakati wowote. Mwonyesheni swali kwanza. Usajili usubiri mpaka atakapotaka kuhifadhi alama zake.

Mitihani ichapwe upya kwa maandishi, hata kama kazi hiyo itawachukua likizo nzima, kwa sababu ukurasa wa maandishi ni mwepesi mara nyingi kuliko picha yake, hukuzwa bila kufifia, na maneno yake hutafutika. Faili likishapakuliwa lisomeke bila intaneti, na ukubwa wake uandikwe kando ya kitufe cha kupakulia.

Mpangilio wa miaka nao unamfaa aliyekusanya mitihani kuliko anayejisomea. Anayesumbuliwa na urithi wa vinasaba anataka maswali yote ya mada hiyo mahali pamoja, kwa hiyo ongezeni njia ya mada na ile ya miaka ibaki, maana waliokwisha kuizoea watapotea mkiiondoa ghafla.

Kabla ya kujenga chochote, waiteni wanafunzi watano, kila mmoja kwa zamu yake, mmwambie: “Tafuta swali la mitosisi.” Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama programu na tovuti ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua kasoro nyingi, na kwamba ni heri kupima, kurekebisha, kisha kupima tena na wengine watano. Msimwelekeze mwanafunzi (najua mwalimu kunyamaza ni mtihani). Andikeni tu kidole kinaposita.

Rangi mtaigusa mwishoni, tena kwa kipimo: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandaoni zitumike na watu wote, wakiwemo wenye uoni hafifu, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kijivu chenu kilichopauka juu ya cheupe hakifiki hapo, sembuse kwa anayesoma juani.