Barua kwa Njeri: kelele za Kamukunji

Mwanangu Njeri,

Jumapili uliniuliza nilikuwa nafikirije pale Kamukunji, kwenye mabanda yetu ya mafundi wa bati, nyundo mia zikigonga kwa pamoja, ilhali wewe uko ofisini Westlands, kimya kabisa, na jioni unarudi na ripoti nusu. Nikakujibu "ni mazoea" kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Halikuwa jibu.

Kelele haikunisumbua, mama. Nyundo ya jirani haina haja na mimi. Inagonga bati lake juu ya kipande chake cha reli, nami nagonga langu, na baada ya muda huisikii, kama sisi tuliokaa Muthurwa tulivyokuwa hatusikii treni. Kilichonivuruga ni kitu kidogo: mtu kuita "Baba Njeri!" Jina lako hilo lilipenya nyundo zote.

Januari ile ulipokuwa unaenda kidato cha kwanza, msimu wa masanduku ya shule, nilikuwa nimelaza bati la futi nane kwa nne, geji 28, nimeshalichora kwa msumari. (Geji, namba ya unene wa bati, huwachanganya wateja: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba.) Mkasi umeshaingia, mzazi mmoja akaniita, akauliza bei. Nikainua kichwa, tukabishana kidogo, akaenda zake bila kununua. Nikarudi kwenye bati, nikaendelea kukata. Nilipofika nusu nikaona nimeufuata mstari wa kukunjia badala ya ule wa kukatia. Macho yalikuwa yamerudi, akili bado inamfuata yule mzazi kuelekea barabara ya Landhies.

Baada ya hapo nikapatana na jirani yangu wa banda: mimi nikikata, yeye anaongea na wateja wetu wote; akikata yeye, mdomo ni wangu. Simu zilipozidi, hasa M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, nikawa naifungia yangu ndani ya sanduku lililokwisha. Mama yako hajasahau. Siku uliporudishwa kutoka shule na homa alipiga mpaka akachoka, na alikuwa na haki ya kukasirika. Kesho yake nikampa namba ya jirani.

Lakini usidhani nilikuwa nimeinama hivyo kutwa. Kupiga riveti, kutia bawaba, kupaka rangi, hapo tulikuwa tunapiga siasa na kuchekana. Kupima na kukata ndiko kulikotaka kichwa kizima, na kwa siku hakukuzidi saa mbili, tatu hivi. Nahisi wewe unataka kukaza akili kuanzia asubuhi hadi jioni, hata kwenye mambo yasiyoitaka, na ukifika penye kazi yenyewe umeshachoka. Hebu niambie, katika ripoti hiyo, wapi ni kukata na wapi ni riveti? Ukishajua, mtafute mwenzako hapo ofisini akuwie mdomo kwa saa hizo mbili, nawe umrudishie zamu. Na umpe mama yako namba yake.

Lile bati sikulitupa. Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba sanduku lako ni fupi kuliko ya wenzako, atlasi haiingii mpaka uilaze mshazari? Ndilo hilo.

Baba