Imani ya Jumatatu sokoni

Dada yangu, umeeleza kwamba Jumapili unatoka ibadani katika kanisa la Mkunazini, Zanzibar, moyo ukiwa mkunjufu, lakini Jumatatu, ukiwa sokoni Darajani ukipima viazi na vitunguu, hujioni tofauti na asiyesali. Anzia hapo hapo kwenye mizani. Kanisa lile lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, palepale watu walipouzwa. Kwa hiyo anayesali pale ana sababu kubwa ya kutompunja mnunuzi wala kumcheleweshea ujira hamali anayembebea magunia. Jirani yako Muislamu akiuguliwa, mpelekee uji, ukae naye, usihubiri. Na usiku mtajie Mungu kwa jina yule uliyemkaripia, kisha asubuhi umwombe radhi.