Chembe cha mazoezi kinapiga kati, cha kuwindia kinakwenda pembeni: usiguse saiti

Mkuu, nimesoma maelezo yako: upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu) wa nguvu ya pauni 65, yadi 30, vyembe (ncha za chuma za mshale) vyote vya uzito wa greni 100. Cha mazoezi kinakaa kati, cha kuwindia chenye nyembe tatu zisizokunjwa kinapiga inchi 5 kushoto na inchi 2 chini, na unauliza usogeze saiti (kifaa cha kulengea) kiasi gani. Usiisogeze hata kidogo, haina kosa. Ukiisogeza utapata chembe kimoja utapoteza kingine, na mshale wenyewe utaendelea kuruka umekaa upande.

Kinachotokea ni hiki. Mshale wako unatoka upindeni mkia ukiwa haufuati ncha sawasawa. Ukiwa na chembe cha mazoezi, manyoya ya nyuma yanaunyoosha baada ya yadi chache na hujui kitu. Chembe cha kuwindia kina nyembe, na nyembe zinashika upepo kule mbele. Sasa manyoya yanavuta huku, nyembe zinavuta kule, na mshale unakwenda ncha ilikoelekea. Kosa lilikuwepo tangu zamani, nyembe zimelionyesha tu.

Anza na mshale, maana watu wengi wanarukia resti (kishikio kinachobeba mshale upindeni) wakati tatizo liko mkononi mwao. Funga chembe kwa ufunguo wake (vidole viachie mkate), kisha zungusha mshale kwenye roli au usimamishe kwa ncha juu ya mbao ngumu uuzungushe. Ncha ikichora duara dogo badala ya kutulia, mshale huo hautapiga popote pa maana. Sababu kubwa ni mdomo wa mshale uliokatwa mshazari, hivyo chembe hakikai sawa. Ukiwa bado hujagandisha insati (kipande cha mdomoni mwa mshale kinachofungwa chembe), sugua mdomo kwa kifaa cha msasa mpaka rangi ya kalamu uliyopaka ukingoni iondoke pande zote. Kama insati imeshagandishwa, sugua uso wake vivyo hivyo. Usiposawazisha hapa, utasogeza resti wiki nzima bure.

Angalia na namba ya ugumu wa mshale. Ile 300, 340, 400 ni kiasi mshale unavyopinda, kwa sehemu za elfu za inchi, ukining'inizwa uzito wa pauni 1.94 katikati ya nguzo zilizo umbali wa inchi 28. Namba ndogo ni mshale mgumu. Kwa pauni 65 na mvuto (urefu unaovuta upinde) wa inchi 28 au 29, kwa kawaida utakuwa kwenye 340, pengine 400 kama mshale ni mfupi, ila jedwali la mtengenezaji wa mshale ndilo lenye neno la mwisho. Uzito wa mbele nao upime: tafuta mahali mshale unaposawazika, pima umbali wake kutoka mkiani, toa nusu ya urefu wa mshale, gawanya kwa urefu huo, zidisha kwa 100. Kati ya 10 na 15 hakuna shida.

Manyoya: kwa nyembe zisizokunjwa, weka yaliyobandikwa kwa kupinda. Yaliyonyooka kabisa hayazungushi mshale mapema, na kwa yadi 40 utaona tofauti.

Kwenye upinde, hakikisha mshale ukiwa juu ya resti unapita katikati ya tundu la boliti ya resti na unafanya pembe mraba na upote (kamba ya upinde). Noki (mkato wa mkiani unaoshika upote) kuwa juu kidogo, hadi inchi 1/8, ni sawa. Umbali kutoka mwili wa upinde hadi katikati ya mshale, pinde nyingi zinaanzia inchi 13/16. Kama una kamu mbili (magurudumu ya upinde), mwombe mtu aangalie ukivuta: vizuizi vyake viwili vinavyokomesha mvuto vigonge kwa wakati mmoja. Kimoja kikitangulia, noki inasafiri juu na chini wakati wa kuachia, na huenda hapo ndipo zinapotoka zile inchi 2 za chini. Kurekebisha ni kusokota kebo (kamba zinazounganisha kamu) upinde ukiwa kwenye presi, mashine ya kuukandamiza. Huna presi, peleka dukani. Usijaribu mbinu za mitandaoni za kufungua upinde kwa kamba, mikono ya upinde (sehemu zake mbili zinazopinda) ikifyatuka haikupi nafasi ya pili.

Kama resti yako ni ya kuanguka (inayoshuka mshale unapotoka): pulizia manyoya poda ya miguu, piga mshale, tazama. Poda iliyokwanguka ina maana nyoya linagusa resti au kebo. Hakuna marekebisho mengine yatakayoshika mpaka hilo liishe.

Halafu mkono, na hapa nina msimamo: nusu ya vyembe vinavyokwenda kushoto au kulia ni mpini uliokamatwa vibaya. Mpini ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vifundo vya vidole viwe mshazari wa nyuzi 45 hivi, vidole vilegee. Ukiubana, upinde unajisokota upote unapoachiwa. Vilevile upote uguse pua kidogo tu, usiukandamize kwenye shavu.

Hayo yakiwa sawa, ndipo resti. Anzia yadi 20. Piga mishale mitatu yenye vyembe vya mazoezi na mitatu ya kuwindia, kila mmoja doa lake, maana nyembe zitakata manyoya ya mwenzake. Tumia vyembe vya kuwindia vya zamani kwa kazi hii, povu la shabaha hutafuna makali. Linganisha kundi na kundi, si mshale mmoja na mwingine.

Kanuni ni moja: resti inakwenda upande unaotaka chembe cha kuwindia kiende. Kwako kiko kushoto, sogeza resti kulia. Kiko chini, inua resti, au shusha kitanzi cha upote (unachokishika unapovuta). Hii haibadiliki kwa anayepiga mkono wa kushoto. Anza na juu-chini, kisha pembeni, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kila hatua iwe inchi 1/64 hadi 1/32. Inaonekana ni kiasi cha kuchekesha, lakini kwa yadi 30 utaiona. Makundi yakikutana kwa 20, rudi 30, halafu 40. Saiti inaguswa mwisho kabisa, kuyahamishia kati makundi ambayo tayari yako pamoja.

Ukiona umesogeza resti karibu inchi 1/8 kutoka mahali pa kuanzia na makundi bado hayajakutana, simama. Kwa mpiga mkono wa kulia, kushoto kung'ang'anizi mara nyingi ni mshale mgumu mno: jaribu chembe cha greni 125, au ongeza nguvu kwa kukaza boliti za mikono yote miwili sawa. Kulia kung'ang'anizi ni mshale laini mno: punguza nguvu nusu mzunguko kila boliti, usizidi kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha upinde. Ikishindikana, ni kamu iliyoinama, kazi ya presi tena.

Kuhusu kuhamia vyembe ambavyo nyembe zake hukunjuka vikigonga: vitapiga karibu na vya mazoezi bila haya yote. Lakini mshale utamfikia kulungu ukiwa umekaa upande, na nguvu inayopotea hapo ni ile ile uliyokuwa unaihitaji ipenye. Rekebisha upinde kwanza, ndipo uchague chembe.

Wasomaji walioko Kenya, uwindaji wa wanyama kwa burudani ulifungwa tangu 1977, kwa hiyo haya ni kwa walioko Marekani na Kanada wenye leseni, na majimbo yana masharti yake ya vyembe.

Ukimaliza, chora mstari wa kalamu nyeupe kwenye resti na kwenye kamu. Upote mpya hulegea kidogo katika mishale mia ya mwanzo, na ile mistari ndiyo itakayokuonyesha kilichohama.