Gari Lisilo na Kasoro Halirekebishwi

Msomaji wetu wa mtaa wa Umoja ameniandikia kwamba kaka yake amekata springi za mbele za gari lake ili pua ilale chini, kisha akalitia taa za rangi ubavuni. Msomaji alipoandika kwamba gari hilo "limemodifaiwa", mwalimu wake alimsahihisha: Kiswahili fasaha, akaambiwa, ni "gari limefanyiwa marekebisho". Anauliza nani yuko sawa.

Kumodifai ni neno la mdomoni. Neno "gari" lenyewe tulilipata kwa Wahindi na "bodi" kwa Waingereza, kwa hiyo sitamgombeza kijana kwa mkopo mwingine, mradi asiuingize katika insha. Linaloniudhi ni hilo sahihisho.

Kurekebisha ni kuondoa kasoro, kukirudisha kitu katika hali inayostahili. Breki zinazovuta upande mmoja hurekebishwa, na Katiba hurekebishwa kwa kuwa wanaotaka kuibadilisha hudai ina upungufu. Nadhani ni huko bungeni ambako watangazaji wetu walilizoea neno "marekebisho", wakalibeba hadi gereji, tena wakalifunga kwenye "kufanyiwa", maneno mawili yakifanya kazi ambayo kitenzi kimoja kingeimaliza.

Tazama matatu za abiria 33. Nyingi kati yazo huanza zikiwa chesi ya lori: injini, magurudumu na vyuma viwili virefu vilivyo wazi juu. Fundi wa bodi huchomelea mbavu za chuma, akazifunika kwa mabati, akatia vioo na viti, akapaka ule mstari wa manjano ulioletwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa 2004, na kama mwenye gari anataka nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro, mchoraji naye huitwa. Sasa ni nini kilichorekebishwa hapo? Chesi haikuwa na kosa, na bodi haikuwapo. Kisichokuwapo hakirekebishiki.

Neno la kazi hiyo tunalo tangu zamani, nalo ni kuunda. Lamu, jahazi huundwa: fundi hulaza mkuku, akasimamisha mataruma na kupigilia mbao. Chesi ndiyo mkuku, mbavu za chuma ndizo mataruma, na mabati yamechukua nafasi ya mbao. Fundi wa bodi wa Nairobi anafanya kazi ileile ya fundi wa Lamu, na anastahili kitenzi kilekile.

Palipo na bodi tayari, mafundi wenyewe hawakosi maneno. Nimesimama mara nyingi katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na sijasikia fundi hata mmoja akisema analifanyia gari marekebisho. Atasema analishusha, analiinua, anarefusha chesi, anakata paa. Kila kitenzi kinaonyesha mkono ulifanya nini. "Marekebisho" yanaficha, na ufiche huo una hatari yake, kwa kuwa ripoti ya ajali ikisema lori "lilikuwa limefanyiwa marekebisho", msomaji hawezi kujua kama breki zake zilikuwa zimetengenezwa au kama chesi yake ilikuwa imekatwa na kuungwa ili libebe mzigo zaidi. La kwanza lingelinda maisha. La pili huenda ndilo lililoyakatiza.

Kama huna hakika ya kilichofanyika, andika "limebadilishwa". Ni neno pana, lakini angalau halidai kwamba gari lilikuwa bovu.

Basi, ndugu msomaji, mwambie mwalimu wako kwa heshima kwamba gari la kaka yako limeshushwa na kurembwa. Na kwa kuwa pua yake sasa imeinama, bila shaka taa za mbele zinamulika lami iliyo karibu mno na haziioni barabara iliyo mbele. Taa hizo ndizo zinazopaswa kurekebishwa, na ningeomba afanye hivyo kabla hajaliendesha tena usiku.