Vani moja, waigizaji wawili, theluji njia nzima

SWALI: Mimi na mwenzangu tumeungana juzijuzi kwa mchezo wa watu wawili. Karibuni tunaanza ziara ya miji tisa kwa siku kumi na nane, katikati ya majira ya baridi, kwa vani ya dizeli tunayoiendesha wenyewe. Tumebeba mapambo ya mbao, taa sita, maikrofoni zisizo na waya, ngoma mbili na masanduku ya maleba. Hatujawahi kusafiri pamoja hata siku moja. Tujiandae vipi, na tukubaliane nini kabla ya kuondoka?
*Mwigizaji*

JIBU: Ndugu mwigizaji, kabla ya onyesho la kwanza fanyeni safari moja ya majaribio ya muda wa saa nne, vani ikiwa imejaa kama itakavyokuwa siku yenyewe. Pakieni, endesheni, pakueni, simamisheni jukwaa, livunjeni, mpakie tena, saa mkononi. Siku hiyo moja itawaonyesha mengi kuhusu gari na kuhusu ninyi wawili.

Kwa gari, anzeni na tairi. Tafuteni ubavuni alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (yaani tope na theluji) peke yake hazitoshi, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuziandika bila tairi kupimwa kwenye theluji. Mpira wa tairi ya kiangazi huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, hata kama barabara ni kavu. Mifereji ya tairi iwe na kina cha milimita 4 au zaidi. Nchi nyingi huruhusu 1.6, lakini kwenye theluji kina hicho ni sawa na kipara. Upepo wa tairi nao hupungua kwa karibu psi 1 (kipimo kinachosomwa kwenye geji ya upepo) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6. Tairi iliyojazwa gereji penye nyuzi 20 itakuwa imepoteza psi 4 hivi ikilala nje kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Pimeni asubuhi kabla ya kuondoka, na mfuate kipimo cha gari lenye mzigo, kile kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango.

Betri ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, tena wakati ambapo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi. Ikiwa na miaka minne au mitano, ipimwe kabla ya ziara. Betri iliyoisha chaji huganda upesi kuliko iliyojaa, na iliyoganda haiwashwi kwa kuazima moto wa gari jingine, kwani inaweza kupasuka.

Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta huganda na kuziba filta, na gari huzimika njiani baada ya kuwaka vizuri tu asubuhi. Kwa hiyo mkiingia eneo la baridi kali, jazeni tangi huko huko jioni, kabla gari halijalala, maana dizeli inayouzwa huko imeandaliwa kwa baridi ya huko. Tangi lisishuke chini ya nusu. Mkikwama na kuwasha injini ili mpate joto, kwanza ondoeni theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likiziba, kaboni monoksidi huingia ndani, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Koleo, mchanga, blanketi na tochi vikae karibu na viti. Koleo lililofukiwa nyuma ya mapambo ni sawa na kutokuwa nalo.

Upakiaji una mtego. Mzigo mzito ukae chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, ukifungwa kwa mikanda ya kukaza. Ukirundikwa mwisho kabisa, pua ya gari huinuka, na vani inayovutwa na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na usukani kwa pamoja. Pitisheni gari mizanini likiwa na kila kitu, ninyi wenyewe mkiwamo. Masanduku ya taa na vyombo vya sauti yaingie mwisho ili yatoke kwanza. Sababu si wepesi wa kupakua tu. Taa iliyolala ndani ya vani kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ikifunguliwa ukumbini penye nyuzi 20, hutoka jasho papo hapo. Unyevu wa hewa hujikusanya kama matone kwenye lenzi, kwenye soketi na kwenye saketi za ndani. Mtu hufuta kioo cha nje, akaona pakavu, akawasha, ikapiga shoti. Ingizeni masanduku yakiwa yamefungwa, yaacheni hivyo kwa muda wa saa tatu au nne huku mkisimamisha mbao, ndipo myafungue.

Betri za lithiamu msizichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Zinaharibika ndani bila dalili ya nje. Laleni nazo chumbani, pamoja na rangi za maji na gundi, ambazo zikiganda mara moja hazirudi zilivyokuwa. Ngoma za ngozi zilegezeni kidogo, na zisikae karibu na hita: hewa kavu huivuta ngozi hadi ikapasuka. Maleba yenye jasho yasilale garini.

Sasa ninyi wawili. Andikeni nusu ukurasa, mtie sahihi. La kwanza: aliyeshika usukani ndiye anayeamua kusimama, na abiria habishi. La pili, ambalo wengi hulisahau: yeyote akisema leo hatuondoki, basi hamuondoki, na asibembelezwe. Mpigieni mwenye ukumbi mapema kukubaliana saa ya uamuzi, tuseme saa nne asubuhi siku ya onyesho, na mkataba useme nani anabeba gharama barabara ikifungwa. Muda unaotajwa na ramani uongezeeni nusu yake. Sheria za Umoja wa Ulaya humtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha; kwenye theluji, ninyi pokezaneni kila baada ya saa mbili. Baada ya onyesho msiondoke usiku. Mwili bado umechangamka kwa makofi, kisha uchovu huangusha ghafla, na huo ndio wakati lami iliyolowa inageuka barafu.

Kupitia mistari garini kunafaa barabara ikiwa kavu, kwa kasi na bila kuigiza. Theluji ikianguka, nyamazeni. Kukosoana juu ya onyesho kusifanyike humo kabisa, kwani anayekosolewa hana pa kwenda. Fedha za pamoja ziwe na daftari tangu lita ya kwanza ya mafuta. Mali bila daftari huisha bila habari. Chumba kimoja au viwili? Kama bajeti inaruhusu, viwili, hata kwa siku chache.

SWALI: Je, tununue minyororo ya tairi?
*Mwigizaji yuleyule*

JIBU: Ndiyo, kama njia inapita milimani. Namba zilizo ubavuni mwa tairi zilingane na za kwenye pakiti. Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta gari, na mazoezi yafanyike nyumbani mchana, si gizani vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mkishafunga, endesheni mita chache, simameni, mkaze tena. Pale ndipo hulegea. Msizidi kilomita 50 kwa saa, na lami ikionekana tu, vueni minyororo, la sivyo itakatika na kupiga bodi ya gari.