Kupima hisia za miguu: acha kuuliza "Unasikia?"

Swali hili huharibu kipimo kizima. Mzee atajibu "ndiyo, daktari" kwa heshima, na ukimwekea uma wa mtetemo (chuma chenye meno mawili, hutetemeka na kulia ukikigonga) atakuwa mkweli kabisa: anausikia, kwa masikio. Mwombe afumbe macho, kisha muulize, "Nimekugusa wapi?" Mara nyingine usimguse kabisa, usikie atasema nini.

Kabla ya hapo, pasha miguu. Juni na Julai huku Mbeya, Makete au Njombe, aliyekuja asubuhi na kandambili ana miguu ya barafu, na baridi hiyo pekee hufifisha mtetemo na mguso mwepesi. Blanketi na dakika kumi zinatosha. Chupa ya maji ya moto hapana: asiye na hisia huungua bila kujua.

Anza na pamba kifuani, ajue mguso unavyokuwa, ndipo uende miguuni. Gusa, usipapase. Kwa maumivu tumia kijiti cha meno kilichovunjwa, kimoja kwa mgonjwa mmoja. Sindano ya dawa hutoboa ngozi. Panda kutoka vidoleni, ukilinganisha kulia na kushoto, mpaka mgonjwa aseme hapa panachoma sawasawa. Mpaka huo ndio jibu lenyewe. Ganzi iliyoishia kama soksi, miguu yote miwili, hukuelekeza kwenye kisukari, VVU, pombe, upungufu wa vitamini B12, au isoniazidi (dawa ya kifua kikuu) iliyotolewa bila piridoksini (vitamini B6). Ganzi iliyoanzia kitovuni kushuka chini ni ya uti wa mgongo, karibu na T10 (neva ya kumi ya kifua): uliza habari za mkojo na choo, na rufaa iwe leo.

Uma uwe wa hezi 128. Kitako chake kikae juu ya mfupa, kwenye kiungo cha kidole gumba. Mgonjwa aseme mtetemo ukikoma, nawe uuzime ghafla kwa mkono. Asipotambua, panda kwenye kifundo. Ukichezesha kidole juu na chini ili aseme kimeelekea wapi, kishike pembeni, maana mkandamizo wa juu humpa jibu.

Kwa mwenye kisukari, monofilamenti (uzi mgumu wa nailoni) ya gramu 10 ibonyezwe mpaka ipinde, sekunde moja au mbili. Ikwepe sugu. Miguu ya mkulima aliyezoea kutembea peku ina sugu nene kisiginoni, na ukipima hapo utaandika ganzi isiyokuwepo. Baada ya wagonjwa 10, ipumzishe saa 24; ikilegea hupinda kabla ya kufikia uzito wake.

Kwenye faili chora mguu, piga mstari wa mpaka, weka tarehe. "Hisia ziko sawa" haimsaidii atakayempima mgonjwa huyo mwezi ujao.