Kufundisha China: jibu kwa uliyeambiwa uingie na viza ya biashara

Mkuu, umesema una digrii ya ualimu wa hisabati na miaka mitatu kazini, na kuna wakala amekuahidi yuan 15,000 kwa mwezi ukafundishe Kiingereza chekechea huko China. Eti uingie na viza ya biashara, "mengine yatarekebishwa ukishafika". Unauliza kama ni dili au unaingizwa mkenge, na maisha ya mwalimu mgeni kule yakoje. Nimeishi Changsha miaka minane, mitatu nikisoma na mitano nikifundisha, kwa hiyo nikueleze niliyoyaona.

Nianze na wakala, maana huyo ndiye atakayekuumiza. Usiende. Viza ya biashara haimruhusu mtu kufanya kazi. Viza ya kazi inaitwa Z, na haitoki mpaka shule yenyewe ikuombee barua ya kibali wewe ukiwa bado uko nyumbani. Ukishatua una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, kile kinachobandikwa kwenye pasipoti. Sheria yao ya wageni inayotumika tangu Julai 2013 inasema anayefanya kazi bila kibali anapigwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Jamaa mmoja tuliyekuwa tunakula naye Idi alikamatwa darasani, akiwaimbisha watoto wimbo wa rangi. Polisi walisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, watoto wakawapungia mikono. Aliyemleta hakupokea simu tena tangu siku hiyo.

La pili linawauma wengi lakini bora ulisikie sasa: kwa Kiingereza sisi hatuhesabiwi. Kibali cha kufundisha lugha kwa kawaida wanampa raia wa nchi ambayo lugha hiyo ni ya mama, au mtu aliyechukua digrii yake huko. Kwamba umesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, afisa wa vibali haimhusu. Na hata kabla ya afisa, utakutana na matangazo ya kazi yanayotaka wazungu tu, yameandikwa hivyo hivyo bila aibu.

Mlango wetu ni somo. Shule nyingi binafsi, na baadhi ya za serikali, zina kitengo cha kimataifa kinachoandaa watoto kwa mitihani ya Cambridge ili wakasome vyuo vya nje. Hapo wanatafuta watu wa hisabati, fizikia na kemia wanaofundisha kwa Kiingereza, na digrii yako pamoja na miaka miwili ya kazi baada ya kuhitimu ndivyo vinavyohitajika. Mimi nilipitia njia nyingine. Nilikwenda 2016 kwa ufadhili wa serikali yao kusoma shahada ya uzamili, na kuanzia 2017 walianza kuruhusu wageni waliomaliza uzamili kwenye vyuo vyao kuajiriwa bila kudaiwa ile miaka miwili. Wenzangu waliotokea moja kwa moja nyumbani walilazimika kupitisha vyeti na hati ya polisi Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa China. Anza mapema, maana kuna siku utaambiwa mhuri mmoja umekaa pembeni.

Changsha ni makao makuu ya jimbo la Hunan, watu zaidi ya milioni 10, Mto Xiang umeupasua mji katikati. Wabongo wengi wanajua miji ya biashara ya Guangzhou na Yiwu, Changsha wanaipita tu kwa treni. Chakula ni pilipili. Mpishi anakuuliza unakula pilipili, ukijibu "kidogo" anapunguza kutoka kumi hadi tisa. Asubuhi ni mifen, tambi za mchele kwenye mchuzi, unakula umesimama na yuan chache tu. Unga wa mahindi upo ila ni wa njano, ugali wake una utamu usioelewana na dagaa, nikawa naagiza mweupe kwa wenzetu wa Guangzhou. Kuanzia 2019 mji huo una maonesho makubwa ya biashara kati ya China na Afrika kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo siku hizi kahawa ya kwetu inapatikana soko la Gaoqiao na watu hawakushangai kama zamani.

Kushangaa bado kupo, lakini. Utaguswa nywele kwenye treni ya chini ya ardhi. Utapigwa picha na mtu anayejifanya anasoma ujumbe. Mwanzoni nilikuwa nakasirika, baadaye nikawa nachagua: bibi mwenye mjukuu namsalimia, kijana mwenye simu namtolea simu yangu na mimi nampiga picha. Lililonikera hasa ni kikao cha wazazi cha mwaka wa kwanza. Mama mmoja alimuuliza mwalimu wa darasa, mimi nimekaa palepale, kama shule imeshindwa kupata mwalimu "wa kweli". Alidhani sijui Kichina. Nilimjibu kwa Kichina kwamba karatasi za mwanawe ninazo na tunaweza kuzipitia pamoja. Tulizipitia. Kufika muhula wa pili ndiye aliyekuwa ananitumia maswali saa nne na dakika arobaini usiku.

Upande wa pili kuna mzee wa getini. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tansangniya. Akasimama kabisa: "Tan-Zan tielu!" Ndivyo wanavyoiita TAZARA. Watu wa rika lake wanaijua ile reli, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Akanionyesha kwa kiganja treni inavyoingia handakini, mkono mmoja ukipita chini ya mwingine. Kuanzia siku hiyo vifurushi vyangu alikuwa ananitunzia ndani ya kibanda chake, karibu na birika la maji ya moto.

Sasa darasani. Watoto wanaingia saa moja asubuhi kujisomea na wanaachiwa saa tatu na nusu usiku. Mchana kuna usingizi, na ni usingizi kweli: wanazima taa, wanashusha mapazia, darasa zima linalaza vichwa juu ya madawati, wengine wana mito midogo yenye sura ya katuni. Wewe unatembea kwa ncha za vidole. Kwenye kitengo chetu nilikuwa na wanafunzi 28, wenzetu wa upande wa kawaida wana 50 na kuendelea.

Usiende na wazo kwamba utawafundisha kukokotoa. Watakukokotoa wewe. Kijana wa miaka kumi na sita anamaliza milinganyo uliyomwandalia kwa kipindi kizima ndani ya dakika kumi, halafu anatoa kitabu cha somo jingine. Kinachowaangusha ni maneno. Siku moja niliweka swali la uwezekano kuhusu dadu inayorushwa, na dadu kwa Kiingereza ni "die". Chumba kikanyamaza. Binti mmoja mkimya sana akafungua kamusi kwenye simu, akaangalia ubao, akaangalia kamusi tena, akanyoosha mkono: "Mwalimu, aliyekufa anarushwa mara mbili, kwa nini?" Nikatoa dadu mfukoni nikairusha mezani kwake. Kuanzia pale nilibadilisha kazi yangu: dakika kumi za kwanza za kila kipindi hatukokotoi chochote, tunasoma swali kwa sauti na kila mtu anachora anachokielewa. Ofisini walilalamika kwamba mgeni anafundisha kuchora. Matokeo ya Juni yalipotoka malalamiko yakaisha, ila hakuna aliyesema asante. Usiisubiri.

Na baridi, mkuu. Kaskazini mwa China majengo yana mfumo wa joto wa mji mzima. Kusini mwa mstari wa milima ya Qinling na Mto Huai haupo, na Changsha iko kusini. Januari nyuzi ni tatu au nne, unyevu umejaa, na mwalimu wa darasa anafungua madirisha ili watoto wasisinzie. Nilifundisha nikiwa na koti, suruali mbili na kifuko cha joto mfukoni. Chaki inateleza vidoleni. Julai inageuka: joto la Dar, ila bila upepo wa bahari.

Pesa. Yuan 15,000 ni zaidi ya milioni tano za madafu, lakini uliza ni kabla au baada ya kodi, na likizo zinalipwaje. Kuna mikataba ya miezi kumi inayotangazwa kama ya mwaka. Yuan 5,000 za kwanza kila mwezi hazikatwi kodi, ila kodi inakokotolewa kwa kujumlisha mapato tangu Januari, kwa hiyo mshahara uleule unapungua kadiri mwaka unavyosonga. Mwaka wa kwanza nilikwenda kugombana na mhasibu Oktoba, akanionyesha jedwali, nikarudi mpole. Nyumba wanataka amana ya mwezi mmoja na kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na ukihamia unaripoti polisi ndani ya saa 24. Kutuma pesa nyumbani kihalali ni benki, ukiwa na mkataba, kibali na stakabadhi za kodi ya mshahara. Mara ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima.

WhatsApp haifunguki kule. Mfungulie mama WeChat, ndiyo WhatsApp yao, kabla hujaondoka, maana akaunti mpya mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya zamani aithibitishe. Mimi sikufanya hivyo. Mipaka ilipofungwa Machi 2020 sikuweza kuja nyumbani hadi 2023, na baba mdogo alizikwa nikiangalia kwenye simu ya binamu, picha ikikwamakwama.

La mwisho, ambalo natamani ningelijua mapema: kibali kimefungwa kwa mwajiri. Ukitaka kuhama, shule ya zamani lazima ikupe barua ya kukuachia na kufuta kibali. Shule yangu ya kwanza ilinizungusha wiki tano, leo mkurugenzi yuko safarini, kesho mhuri uko kwa mtu mwingine, huku siku za ukaazi zinahesabika. Kwa hiyo mimi ningechagua mwajiri kwanza, mji baadaye. Omba namba ya mwalimu mgeni aliyeondoka pale, si aliyepo. Na kwa chekechea na vituo vya masomo ya ziada kuwa makini zaidi: Julai 2021 serikali ilibana masomo ya ziada, vituo vikafungwa kwa wingi, na walimu wageni wakajikuta hawana kazi wala kibali.

Mkataba ukija, toleo linalosimama mara nyingi ni la Kichina. Angalia jina la mwajiri kwenye mkataba ni lilelile la kwenye barua ya kibali, herufi kwa herufi. Mwambie wakala akupe jina la shule kwa Kichina leo hii. Akilitoa, nitumie nilipitie.